Vikorokoro vya Laki Mbili na Sitini

Pamba ikishapimwa na watu wakalipwa, Bariadi hubadilika sauti. Mei na Juni kelele ziko vijijini, kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, mkulima na karani wakibishana juu ya nusu kilo. Kufikia Agosti zimehamia mjini. Kila duka la vifaa vya umeme limetoa spika mbili nje, na kijana mwenye kipaza sauti anatangaza ofa ambayo mwisho wake ni leo, na ambayo jana pia mwisho wake ulikuwa leo. Mkoa wetu wa Simiyu, uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni ngome ya pamba nchini, na wenye maduka wanaijua kalenda ya zao hilo kuliko mabwana shamba kadhaa ninaowafahamu.

Mama mkwe wangu analima pamba Dutwa. Msimu wa 2025 alivuna zaidi ya kawaida yake, akalipwa, akafunga pesa kwenye ncha ya khanga, akapanda gari la abiria kuja kwetu Somanda akiwa na michembe ya viazi kwa ajili ya wajukuu, kuku mmoja, na godoro lake la pamba ambalo haachani nalo. Godoro hilo lilishonwa kwa pamba ya shamba lake mwenyewe. Ni zito, linachukua nusu ya chumba, na mume wangu analionea haya. Kila mama yake anapokuja, mume wangu huanza kusifia magodoro ya sponji kwa sauti, akiwa ameangalia pembeni.

Safari hii mama alikuja na azimio. TV yetu ilikuwa bado ile ya chogo, na rangi zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba msomaji wa taarifa ya habari alionekana wa kijani. "Nitawanunulia nyingine," alisema, "niwe naona kwaya vizuri." Mume wangu naye alikuwa na kwaya yake. Michuano ya soka ya CHAN ilikuwa imeanza, wenyeji ni sisi, Kenya na Uganda, na Taifa Stars walikuwa wameifunga Burkina Faso mabao mawili kwa bila kwenye mechi ya ufunguzi. Mtu aliyekuwa hajawahi kumsindikiza mama yake hata zahanati akajitolea kumsindikiza dukani.

Mimi nilikuwa darasani nafundisha, kwa hiyo yaliyotokea dukani nimeyapata kwa matoleo mawili. Toleo la mume wangu ni fupi na lina maneno kama "teknolojia" na "usalama". La mama lina watu ndani yake, na ndilo ninaloliamini.

Kwa mujibu wa mama, walipokelewa mlangoni na kijana mwenye fulana ya duka aliyeinama kidogo na kusema, "Mwangaluka, mayu." Si "karibu bosi", si "mama tupo na ofa". Aliuliza wametoka wapi. Kusikia Dutwa, akashika kichwa: bibi yake mzaa mama ni wa Dutwa! (Baadaye tulikuja kugundua kwamba kwa wateja wa Meatu bibi huyo anatoka Meatu, na kwa wa Maswa ni mzaliwa wa Maswa.) Viti vikaletwa. Soda zikaletwa, baridi, zimeshafunguliwa.

Naomba nisimame kidogo kwenye soda hizo. Watu husema wauzaji wa mjini wana maneno mengi, lakini maneno Msukuma anayaweza, ana yake. Asichokiweza ni kunywa cha mwenyeji halafu amkatalie. Mtu aliyelelewa akishaketi, akasalimiwa kwa lugha ya nyumbani na kupewa kinywaji, hawi mteja tena, amekuwa mgeni, na mgeni hasimami katikati ya mazungumzo kusema "bei yako ni ghali, naenda duka la pili." Soda ya mia saba ilinunua utiifu wa watu wazima wawili kwa asubuhi nzima. Sijaona mtaji mdogo kuliko huo wenye faida kubwa namna ile.

TV yenyewe, ya inchi 43, ilishuka kutoka laki sita na nusu hadi laki sita na elfu ishirini bila jasho. Mama alishangaa urahisi huo. Amezoea kubishana. Kumbe kijana alikuwa anaharakisha kufika kwenye hesabu ya pili.

"Baba, umeme wa mtaani kwenu ukoje?" Nani, katika mji wowote, atajibu kwamba haujawahi kuyumba? Guard, elfu arobaini na tano. "Nyumbani kuna watoto?" Wapo. Basi TV haiwezi kukaa mezani, wataivuta, kwa hiyo breketi ya ukutani elfu thelathini na tano na fundi wa kuifunga elfu thelathini. "King'amuzi mnacho?" Kipo. Waya wa HDMI, elfu ishirini na tano. Kisha akapunguza sauti na kueleza kwamba TV hiyo ni smart lakini imetoka kiwandani imefungwa, kuifungua ni elfu ishirini. Kuifikisha nyumbani, kumi na tano.

Hadi hapo mume wangu alikuwa bado anapumua. Kilichomwangusha ni waranti ya ziada, miaka miwili, elfu tisini. Alianza kusema atafikiria. Kijana hakumjibu yeye, alimgeukia mama, akamwonea huruma machoni, kisha akarudi kwa mume wangu na kumuuliza polepole: "Baba, haya ni mavuno ya mama. Mgongo wake. Ikiharibika baada ya mwaka, utamwambia nini?"

Mbele ya mama yake mzazi! Hata mimi ningetafuta kalamu.

Jumla ya vikorokoro ilikuwa laki mbili na elfu sitini, juu ya TV ya laki sita na ishirini.

Duka lina sababu ya kufanya hivyo. Bei ya TV mji mzima unaijua; ukiongeza elfu ishirini, mteja anavuka barabara. Breketi na waya havina bei inayojulikana, na hakuna anayetoka nyumbani akiwa ameviwazia, ndiyo maana faida hujificha humo. Na mchezo huu haukuanzia kwetu. Uingereza ulifika mbele ya tume yao ya ushindani, iliyotoa ripoti juu ya waranti za ziada za vifaa vya nyumbani mwaka 2003, na mwaka 2005 likatoka agizo la kisheria: bei ya waranti ioneshwe wazi kando ya bei ya bidhaa, na mteja aliyeinunua awe na siku 45 za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha zake. Serikali ilikubali kwamba mtu akiwa kaunta, ameshikilia kitu kipya anachokipenda, hayuko katika hali ya kufikiri.

Jioni niliigeuza TV na kusoma mgongoni. Iliandikwa AC 100–240V, 50/60Hz. Umeme wetu ni volti 230. Maana ya maandishi yale ni kwamba ukishuka hata hadi mia na kidogo, TV inaendelea kufanya kazi bila kumwomba mtu msaada. Hatari iliyobaki ni umeme kupanda ghafla, kwa mfano radi ikipiga karibu, na kwa hilo dawa ya kwanza ni kuchomoa plagi, kazi ambayo mama huifanya kila wingu linapotanda, bila malipo. Nilifungua boksi la king'amuzi chetu, nikakuta waya wa HDMI uliokuja nacho ukiwa bado kwenye nailoni yake. Kuhusu "kufungua smart", kijana alikuwa ameiunganisha na intaneti ya simu yake na kuiingizia akaunti yake mwenyewe, jambo ambalo mwanangu wa darasa la sita angelifanya kwa biskuti. Tangu siku hiyo TV yetu ikiwashwa inatupendekezea singeli na ngumi za kulipwa, kwa kuwa inaamini sisi ni yeye.

"Kuwa na mwalimu wa hesabu ndani ya nyumba ni adhabu," mume wangu alisema, akaenda kuoga.

Fundi alikuja kesho yake na drili. Sasa, ukuta wetu. Ukiutazama ni wa heshima: plasta ya saruji, rangi ya maziwa, mstari wa kahawia chini. Ndani ni tofali za udongo ambazo hazikuchomwa, kama zilivyo nyumba nyingi za umri wake mtaani kwetu. Zaidi ya hapo tumekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na nyumba zilizo juu yake hupanda na kushuka nao. Nyufa za sebule yetu zina majira yake. Naweza kukutajia mwezi kwa kuziangalia. Breketi zinatengenezwa kwa ajili ya zege au tofali gumu, na dukani hakuna aliyeuliza ukuta wetu ni wa nini. Walichouliza ni kama kuna watoto.

Drili ilizama kama kijiko kwenye uji wa jana. Vumbi jekundu likamwagika hadi kwenye viatu vya fundi. Alitoa drili, akachungulia tundu, akasema, "Hapa panataka skrubu ndefu," na skrubu ndefu zilikuwa na bei yake, elfu kumi, kwa kuwa hazimo kwenye mkataba. Akagongomea fisha za plastiki, moja ikapotelea ndani moja kwa moja na hatujaiona tena. Mama, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, aliuliza kama si afadhali kuiweka mezani. Fundi alimhakikishia kwamba ukuta umekamata.

Wakati huohuo mume wangu alikuwa na mradi wake. Nyumba yenye TV ya ukutani haiwezi kuwa na godoro la pamba, kwa hiyo alilitoa chumba cha watoto, akalikunja, akalisimika chini ya TV lisubiri gari la kwenda Dutwa. Mama aliona, hakusema kitu. Aliendelea kumenya.

Tarehe 6 Agosti Stars walicheza na Mauritania. Majirani walijaa hadi mlangoni, wengine hata hatukuwa tumewaalika. Mchezo ulikuwa mgumu, hakuna bao, watu wameanza kulaumiana. Dakika za mwisho kabisa Shomari Kapombe akafunga. Sebule nzima iliruka kwa pamoja na kutua kwa pamoja, juu ya udongo ule ule wa mbuga, na ukuta ukaamua kwamba imetosha. TV iliinama mbele taratibu, kwa adabu, ikang'oka na breketi yake na kipande cha plasta chenye ukubwa wa sinia, ikaenda kulala kifudifudi juu ya godoro la pamba.

Hakuna aliyesogea. Mtangazaji alikuwa bado anashangilia, chini kule, mdomo wake ukiwa umezibwa na pamba ya Dutwa.

Tulipoigeuza ilikuwa nzima. Kona moja ya fremu ilikuwa na mkwaruzo. Kioo, ambacho gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya TV mpya, hakikuguswa. Mama alilipigapiga godoro lake kutoa vumbi, akalirudisha chumbani, na toka siku hiyo sijasikia neno sponji.

Ila mume wangu alikumbuka waranti. Kwa mara ya kwanza tangu aisaini aliikunjua, na mwanetu akaisoma kwa sauti, maana herufi zilikuwa ndogo na miwani ya baba yake haikuonekana. Haihusu kuanguka. Haihusu kioo. Haihusu hitilafu itokanayo na umeme (ndipo mama alipouliza guard basi ni ya nini). Haihusu kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Na ile miaka miwili ilikuwa inahesabiwa tangu siku ya kununua, maana yake mwaka wa kwanza ni ule ule ambao kiwanda kilishautoa bure. Elfu tisini ilikuwa imenunua mwaka mmoja, tena wa kifaa kisichoanguka, kisichopasuka wala kupitiwa na umeme.

"Tutarudi," alisema mama. Alichagua siku ya Nane Nane. Kwanza shule zimefungwa, ningeweza kufuatana naye. Pili, alisema, ni siku ya wakulima, kwa hiyo wakulima watasikilizwa. Mume wangu alisema ana mtu wa kumwona Nyakabindi kwenye viwanja vya maonesho. Tulimwacha aende.

Njiani nilikuwa naandaa hoja. Nilijua kwamba ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani inayoisimamia. Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile ya tangu enzi za Mwingereza, inayotaka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi ambayo mteja ameieleza. Nilijipanga kuvitaja vyote hivyo kwa sauti ya darasani. Sikupata nafasi.

Mama hakuzungumzia ukuta, fundi wala kuanguka. Aliketi, akafungua ncha ya khanga, akatoa karatasi mbili na kuzinyoosha juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa risiti ya mashine ya EFD: shilingi 620,000. Ya pili ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umeandikwa kwa mkono guard, breketi, na ndugu zake wote, na kugongwa muhuri wa "Asante kwa kuja".

"Baba," alimwambia kijana, kwa upole uleule aliopokelewa nao, "pamba yangu nikiipeleka chama cha msingi naandikiwa kila kilo. Karani akikosea kilo moja, hatulali. Sasa hii laki mbili na sitini nimeitoa hapa, lakini kwenye mashine haipo. Sikuja kugombana. Nataka tu uniandikie stakabadhi yake."

Kijana alitazama mashine. Mashine hizo zipo nchini tangu mwaka 2010, na hakuna mtoto wa mjini asiyejua wimbo wa mamlaka ya mapato kwamba ukiuza utoe risiti na ukinunua udai. Alisema mtandao uko chini. Mama akasema hana haraka, amekuja na michembe, na kweli akaanza kuitafuna. Wateja wawili waliokuwa wanaangalia spika wakasogea. Mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwani huwa hawatoi risiti ya breketi?

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mtu mwenye shati lililopigwa pasi ambaye hadi siku hiyo hatukujua kama yupo. Alimwita mama "mama yangu mzazi". Waranti, alisema, inaweza kufutwa bila shida. Fundi pia, kwa kuwa kazi haikukamilika. Kufungua smart ilikuwa zawadi, vijana walikosea kuitoza. Waya wa HDMI niliutoa kwenye mkoba ukiwa haujafunguliwa, akaupokea. Tulihesabiwa laki moja na elfu sitini na tano pale pale. Breketi alikataa katakata, guard na usafiri pia, na mama hakung'ang'ania. Vitatu hivyo vikaingizwa kwenye mashine, ambayo mtandao wake ulirudi ghafla. Kuhusu elfu kumi za skrubu, fundi hapatikani hadi leo kwenye namba yake.

TV ikakaa juu ya meza ya mninga. Watoto hawakuivuta. Robo fainali tarehe 22 tulifungwa na Morocco bao moja kwa bila, watu wakiwa wameketi kimya, kwa hiyo ukuta haukuhusika.

Mwisho wa mwaka mama aliuza ndama mnadani, akataka friji. Amegundua kwamba Somanda nzima inanunua maji baridi na hakuna anayeuza barafu karibu. Tulikwenda mimi naye, mwanawe hakuulizwa. Tulianza kwa kuzunguka maduka mengine, mama akiuliza bei ya kila kitu hadi ya plagi, akiviweka kichwani. Tulipofika kwa kijana wetu, alimtambua tangu mlangoni, na habari za bibi yake wa Dutwa hazikutajwa.

Mama alitoa ile guard ya TV kwenye kikapu, akauliza kama inafaa kwa friji ili asinunue nyingine. Kijana alisita. Nadhani alikuwa anatafuta mtego. Kisha akasema ukweli, na aliusema vizuri: haifai. Friji ina kompresa, na umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimika kuanza wakati gesi ndani bado ina shinikizo kubwa. Mota inaumia, mwishowe inaungua. Guard ya friji inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, hii ya TV haisubiri muda huo. Mama alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Aliitaja bei ya guard ya friji aliyoisikia duka la tatu, kijana akaikubali, na vyote viwili, friji na guard yake, vikatoka kwenye risiti moja ya mashine. Mama aliisoma tarakimu kwa tarakimu.

"Na waranti ya ziada, mayu?" aliuliza kijana, sauti yake ikiwa imepona kidogo. Kwa ishara ya mkono wake soda mbili zikaletwa, baridi, zikitoa jasho. Mpeleka soda alikuwa na kifungulio mkononi.

"Usifungue, baba. Wabeja," alisema mama, akazipokea zote mbili na kuzilaza kwenye kikapu chake, kando ya guard. "Hizi ni za wajukuu. Haya, nieleze hiyo waranti, nakusikiliza."